Kikipotea, Nani Atatoka Kukitafuta?

Katika miaka yote niliyomfahamu Mwalimu, neno “yangu” halikumtoka kinywani bila yeye kusita kwanza. Kusita kwenyewe kulikuwa kufupi, kama kwa mtu anayepima kina cha kijito kwa fimbo kabla ya kuvuka, na wasiomjua walidhani ana kigugumizi chepesi. Hakuwa nacho. Alikuwa akijiuliza kama ana haki ya kulitamka. Kitu kimoja tu hakikumsitisha: kamusi nene ya Kiingereza, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa fundi viatu, ambayo hakumwazima mtu yeyote, hata mkuu wa shule. “Hii ni yangu,” alisema, na kuifunika kwa kiganja. Vingine vyote, kuanzia shamba la mbaazi kule Singe hadi binti aliyekuwa akimlea, alivitaja kwa kuzunguka: shamba ninalolima, nyumba ninayolala, mtoto ninayekaa naye.

Watu wa Babati walilichukulia jambo hilo kama kichekesho. Nami nililichukulia hivyo nilipokuwa mwanafunzi wake, na hata niliporudi shuleni hapo miaka kadhaa baadaye kufundisha, tukitumia meza moja katika ofisi ya walimu. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba ndani ya kichekesho kile mlikuwa na hatari. Mtu anayekataa kusema “wangu” anaweza siku moja kuachwa bila wa kwake, na mtoto anayelelewa na mtu wa namna hiyo anaweza kukua akidhani kwamba hana mwenyewe.

Mwanamke huyu alitufundisha Kiingereza, na katika Kiingereza chote hakuna sura aliyoipenda kama ile ya umiliki. Walimu wengine waliimaliza kwa kipindi kimoja: weka ritifaa, weka herufi s, twende mbele. Yeye aliikalia majuma matatu. Alisema kwamba lugha ile ina milango mitatu ya kuingilia nyumba moja, na kwamba mgeni mwenye adabu hujua aingie kwa upi. Mlango wa kwanza ni ritifaa, nao ni wa wenye uhai, wanaoweza kushika na kuachilia: the girl's shoe. Wa pili ni of, wa vitu visivyo na mikono: the roof of the house. Wa tatu ni vitenzi, vile vya kuwa na kitu, kukimiliki, au kitu kuwa cha mtu, na mlango huo hufunguliwa pale ambapo umiliki wenyewe ndio habari inayopelekwa. Kisha, tulipodhani tumemaliza, aliandika ubaoni a day's journey, mwendo wa siku moja, na kurudi nyuma hatua mbili ili tushtuke.

“Siku ina mikono?” aliuliza.

Tuliyasoma tena maneno yale ubaoni.

“Haina. Ila wenye lugha yao wameipa. Kanuni si ukuta, ni njia ya ng'ombe. Ikikuta jiwe inapinda, na bado inafika mtoni.”

Darasani kwetu alikuwamo msichana kutoka Nangara ambaye hakuvumilia kitu chochote kisicho na jibu moja. Siku hiyo alisimama.

“Mwalimu, mtihani unataka jibu moja. Nichague lipi?”

“Mtihani unataka jibu moja. Wewe unataka nini?”

“Kufaulu, Mwalimu.”

“Basi jiulize: kitu hiki kikipotea, nani atatoka kukitafuta? Ukimpata, mwandike yeye kwanza, umwekee ritifaa yake.”

“Na paa la nyumba likipotea?”

“Nyumba itatoka kulitafuta?”

Darasa lilicheka. Msichana alifikiri, akasema, “Basi ni of.”

“Keti. Umefaulu kabla ya mtihani.”

Swali lile, kikipotea nani atatoka kukitafuta, lilituandama hadi uwanjani. Tuliulizana juu ya kalamu, ndoo za bwenini, hata wachumba wa kufikirika. Nimefundisha sarufi katika chuo kikuu kwa muda mrefu sasa, nimesoma maelezo mengi yenye istilahi nzito juu ya sura hiyohiyo, na sijaona kipimo kinachofanya kazi nyingi kwa maneno machache kama kile. Kina mipaka yake. Mwalimu aliijua mipaka hiyo kuliko sisi, kwa sababu aliishi juu yake.

Alisahihisha kwa penseli. Wino mwekundu, ambao kwa walimu wenzake ulikuwa nusu ya heshima ya kazi, hakuugusa. Nilipokuwa mwenzake mezani nilimwuliza sababu. “Daftari ni la mtoto,” alijibu, “na kosa ni lake pia. Nikilikata kwa wino nimelichukua. Kwa penseli ninamwonyesha, kisha anafuta mwenyewe.” Alirudisha sahani za majirani zikiwa na kitu ndani, japo konzi ya mbaazi. Kopo la chaki alilirudisha stoo kila Ijumaa na kulichukua tena kila Jumatatu, ingawa mtunza stoo alimsihi akae nalo. Lakini mtu huyohuyo aliweza kuwa mkali hadi kuumiza. Mwanafunzi aliyeokota rula na kuitumia bila kuuliza alisimamishwa mbele ya darasa kipindi kizima, na mmoja wa waliosimamishwa hivyo, ninayemjua vizuri, alikuwa ameiokota ili airudishe. Mwalimu alipoujua ukweli aliomba radhi mbele ya darasa lilelile, kwa sauti ileile. Hakuwa mtu wa kukosea hadharani na kutubu sirini.

Mwenye duka la madaftari kule Bagara, mzee mcheshi aliyefunga duka kila Ijumaa mchana kwenda msikitini, hakuacha kumchokoza.

“Mwalimu, leo utabeba madaftari yako au ya watu?”

“Ya wanafunzi, Mzee.”

“Na baiskeli uliyokuja nayo?”

“Ninaiendesha.”

“Wallahi, ukifa tutaandika nini kaburini? Hapa amelala mtu aliyekuwa akipita tu?”

“Andikeni hivyohivyo. Ni kweli kwa wote.”

Mzee alicheka hadi akashika meza. Mwalimu naye alicheka, lakini alipokwisha kucheka alitoka bila kuaga, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Chanzo cha tabia hii hakikuwa katika vitabu. Alikulia katika boma la wafugaji kwenye uwanda ulio chini ya mlima Hanang, na kule, kama alivyonieleza mwenyewe, mwenye ng'ombe hakai nao wote zizini kwake. Baadhi huwaweka kwa rafiki, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja usimmalize. Anayewekewa hukamua na kunywa, hutibu, huchunga, huwapa majina. Ng'ombe akifa, hupeleka ngozi kwa mwenyewe ili ajue kwamba hakuuzwa wala hakuchinjwa kwa hila. Mwenyewe naye ana adabu yake: akitembelea boma la rafiki, hanyooshi kidole kuonyesha ng'ombe wake mbele ya watu, kwani kufanya hivyo ni kumvua mwenyeji nguo. Na mambo yakienda vizuri kwa miaka, mwenye ng'ombe huja siku moja na kumwambia mtunzaji: chagua ndama mmoja. Huyo hukatwa sikio kwa alama ya mtunzaji, na kuanzia hapo ni wake, hana mshirika.

“Baba alitunza ng'ombe wa watu maisha yake yote,” aliniambia. “Alimjua kila mmoja kwa kikohozi chake. Sikumsikia hata mara moja akisema ng'ombe wangu.”

“Alipewa ndama?”

Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza kabla ya wakati. “Wawili,” alisema. “Alilia kwa wote wawili.”

Paskalina, yule binti aliyekuwa akimlea, aliingia katika maisha yake kwa desturi hiyo. Mama yake alikuwa mwanamke wa uwandani aliyeleta maziwa mjini kwa gari la alfajiri na kumpimia Mwalimu lita moja kila asubuhi. Mtoto alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, shule ilikuwa mbali na boma kiasi kwamba angefika amechoka na kurudi gizani. Asubuhi moja mama aliweka kibuyu chini, akamsukuma mtoto mbele kidogo, akasema, “Nakuwekea huyu.” Mwalimu, ambaye hakuwahi kuzaa, alijibu, “Nimepokea.” Wote wawili walijua uzito wa maneno waliyotumia. Aliyekuwa hajui ni mtoto.

Kama ilivyo desturi ya nchi yetu, mwanamke akionekana na mtoto hupewa jina la mtoto huyo. Sokoni walianza mapema.

“Shikamoo, Mama Paska!”

“Marahaba. Mama Paska yuko uwandani anakamua. Mimi ni Mwalimu.”

“Jamani, si tunakuheshimu tu!”

“Niheshimu kwa kazi ninayofanya.”

Wauza nyanya walijifunza kuliepuka jina hilo, au kulitumia makusudi ili wapate kicheko cha asubuhi. Sidhani kwamba yeyote kati yao alifikiria mtoto aliyesimama kando akishika kikapu na kusikia, juma baada ya juma, mtu aliyemsuka nywele na kumkagua masikio akikanusha kwa upole kuwa mama yake.

Akiwa na miaka kumi hivi, Paskalina aliuliza waziwazi. Alinisimulia mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Walikuwa wakipepeta mbaazi uani.

“Nikuite mama?”

“Una mama.”

“Najua. Nikuite pia?”

Mwalimu alisita kusita kwake, kisha akasema, “Niite Mwalimu. Hilo halimnyang'anyi mtu.” Mtoto hakula siku hiyo wala kesho yake asubuhi. Hapa siwezi kumtetea Mwalimu, ingawa ningependa. Alikuwa sahihi kwa mwenye mali, kwa mila na kwa kumbukumbu ya baba yake. Aliyemkosea ni yule pekee aliyekuwa amekaa mbele yake na ungo.

Na bado, alipokuwa kidato cha pili, Paskalina aligombana na rafiki yake shuleni na hakurudi nyumbani. Mvua ya masika ilikuwa ikinyesha. Jambo la kwanza alilofanya Mwalimu ni kumtuma mwendesha bodaboda uwandani akamwambie mama. Jambo la pili ni kutoka. Alitembea Singe yote, akavuka hadi Nangara, akaenda Bagara, akauliza stendi, akauliza kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nilikuwa pamoja naye nusu ya safari na nilishindwa kumfikia kwa hatua. Tulimkuta jioni kwa yule mwenye duka la madaftari, amekaa juu ya gunia anakula mkate na chai. Mwalimu hakugomba. Alimfuta uso kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, kana kwamba anafuta ubao ulioandikwa maneno ambayo angetaka kuyasoma tena.

Tukiwa njiani kurudi, binti akiwa mbele yetu, nilijitia ujasiri.

“Mwalimu, kwa kipimo chako mwenyewe, aliyetoka kutafuta ni wewe.”

“Mchungaji ndiye anayetafuta,” alisema bila kugeuka. “Mwenyewe ndiye anayepelekewa habari.”

“Na mchungaji analia?”

Uso wake wote ulikuwa umelowa mvua, na sikuwa na njia ya kujua.

Nafika sasa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga Paskalina kabla ya ndoa yake, kwa maana hapo ndipo usahihi wa wanawake wawili ulipogongana. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama alikuwa amekuja kutoka uwandani na wazee wanne, amevaa vizuri, amekaa upande wa kushoto. Mwalimu alikuwa upande wa kulia na sisi walimu. Mbele, karibu na bibi harusi, kilikuwapo kiti kimoja kilichopambwa kwa kitambaa cheupe. Mshereheshaji, kijana wa mjini aliyekuwa na haraka ya ratiba yake, alipaza sauti:

“Sasa tunamwomba Mama Paskalina asimame, aje akae na mwanawe! Makofi kwa Mama Paskalina!”

Makofi yalipigwa. Nusu ya ukumbi iligeuka kulia, nusu kushoto. Hakuna aliyesimama.

Mwalimu alikaa wima, macho yake upande wa pili, akimsubiri mwenye jina. Na mama, kama nilivyoelewa baadaye, alikaa kwa sababu alikuwa ugenini, katika boma la mtunzaji, mbele ya watu, na mwenye ng'ombe hanyooshi kidole. Kila mmoja alimwachia mwenzake kiti kwa heshima kamili. Mshereheshaji alirudia. Makofi yakapigwa tena, sasa yakiwa na mashimo ndani yake.

“Au Mama Paskalina bado yuko saluni?” alitania, na watu wachache walicheka.

Paskalina alikuwa amesimama peke yake katika gauni lake la rangi ya dhahabu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama chini. Mwishowe shangazi mmoja alimshika mama mkono na kumwinua, lakini muda ulikuwa umepita ambao haungerudishwa. Kwa kila mtu ukumbini ule ulikuwa mkwamo mdogo wa sherehe. Kwa bibi harusi lilikuwa jibu. Iliulizwa mbele ya watu wote yeye ni wa nani, na walioweza kujibu walikaa kimya.

Aliolewa Singida. Simu zake kwa Mwalimu zilikuwa chache, kisha zikakoma, na uwandani nako hakupiga. Mwalimu alistaafu mwaka uliofuata. Nilipomtembelea kipindi hicho alikuwa amekonda, na alizungumza juu ya mvua na bei ya mbolea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. Nilipokuwa natoka alisema, “Ndivyo ilivyo. Ng'ombe aliyewekwa akiondoka, zizi halina la kudai.” Tangu siku ile nimetunga jibu la kumpa mara nyingi.

Safari yangu ya mwisho Babati ilikuwa mwaka huu, baada ya mavuno ya mbaazi. Nilifika Singe asubuhi, na kabla sijapiga hodi Mwalimu alitoka mlangoni, kidole mdomoni.

“Ingia taratibu. Mjukuu wangu amelala.”

Nilisubiri kule kusita. Hakukuwapo.

Ndani, katika chumba cha mbele, alikaa mama wa uwandani, amezeeka, anasukasuka maziwa ndani ya kibuyu. Nilimwamkia, naye akaitika marahaba na kunisogezea kigoda kama mwenyeji. Paskalina alikuwa chumba cha ndani na mtoto wa majuma matano. Dirishani pazia lilikuwa limezuiwa lisipeperuke kwa kitabu kinene, na ilinibidi nitazame mara mbili kabla ya kuitambua kamusi.

Habari nzima nilipewa na Paskalina, kwa sauti ya chini, wale wawili walipokuwa jikoni wakibishana juu ya uji. Alikuwa amekaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na desturi ilimtaka arudi kulelewa kwa mama yake. Hakujua arudi wapi. Kwa hasira alipiga simu kwa wote wawili, siku moja, akawaambia maneno yaleyale: “Siku ile nilisimama peke yangu. Safari hii nani atakuja?”

Mama alipanda gari asubuhi yake akiwa na kibuyu na mfuko wa nguo. Alipofika stendi ya Singida alimkuta Mwalimu yupo tayari, amelala pale kwenye benchi tangu basi la jioni.

“Mwalimu alisema nini?” niliuliza.

“Alisema, nilikosea. Alisema alilinda kiti akamsahau aliyesimama.” Alimrekebishia mtoto shuka. “Alisema mbele ya mume wangu, na mama mkwe, na nesi wa kliniki aliyekuwa anapima joto. Kwa sauti ileile ya darasani.”

Walimleta Singe wote wawili, na mtoto alizaliwa hapa mjini. Siku ya nne, mama alimchukua mtoto, akamweka mikononi mwa Mwalimu.

“Miaka yote umenitunzia,” alisema. “Kwetu mtunzaji harudi mikono mitupu. Wewe unajua.”

“Najua,” Mwalimu alisema. “Ila huyu si ndama.”

“Si ndama. Ndama tungemkata sikio kwa alama yako. Mtoto hakatwi, anaitwa. Basi mwite wewe.”

Mwalimu aliomba siku mbili. Paskalina alisema kwamba katika siku hizo alitembea shambani huku na huku akitamka majina, moja baada ya jingine, kama mtu anayejaribu funguo. Siku ya sita alirudi ndani na kusema, “Danieli.” Alipotamka alilia, kama baba yake alivyowalilia ndama wake wawili.

Tulikuwa bado tunaongea wakati jirani alipofika kwenye ua, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka bonde, amebeba bakuli la supu.

“Hodi humu! Hodi, Bibi Danieli!”

“Karibu!” aliitika Mwalimu kutoka jikoni.

“Karibu!” aliitika mama wa uwandani, sauti zao zimepandana.

Mtoto aliamka akaanza kulia. Kigoda kilianguka jikoni, kibuyu kikawekwa chini kwa haraka, na kupitia mlango ulio wazi niliwaona wameinuka wote wawili.